Kusaidia familia za wazee Australia kwa ushauri wa fedha: leseni, kazi ya serikali, au kutafuta makao?

Wasemaji wengi wa Kiswahili waliohamia Perth, Melbourne, Brisbane na Adelaide wameijua nyumba ya wazee kutoka upande wa kitanda. Wameogesha, wamelisha, wamegeuza mgonjwa usiku wa manane. Wameona pia jambo ambalo kozi ya cheti haifundishi: watoto wa mzee wamesimama kwenye korido na karatasi ya bei ya chumba mkononi, mmoja anataka nyumba ya mama iuzwe, mwingine hataki hata kusikia, na mama mwenyewe hajaulizwa.

Baadhi yao huanza kutamani kukaa na familia ile mezani na kuisaidia kuamua. Inawezekana, na njia ziko angalau tatu. Kuna mshauri wa fedha mwenye leseni. Kuna afisa wa habari za fedha ndani ya Services Australia, shirika la serikali linaloendesha Centrelink, ofisi ya pensheni na misaada ya serikali. Na kuna mtafuta makao, yaani mtu anayeajiriwa na familia amtafutie mzee chumba na kushughulikia makaratasi. Kwenye matangazo ya kazi tatu hizi hufanana, zote zinataka mtu mwenye huruma anayejua hesabu na anayeielewa mifumo ya serikali. Tofauti yake hujitokeza ukiuliza maswali mawili: unaruhusiwa kusema nini, na nani anakulipa kwa kusema hivyo. Mshahara ningeuweka swali la tatu.

Hesabu iliyo mbele ya familia

Chukua mjane wa miaka 84, anaishi peke yake, ana nyumba ya thamani ya dola 900,000 na akiba ya dola 60,000 benki. Anapokea pensheni ya uzee. Ameanguka mara mbili, amefanyiwa tathmini ya mahitaji yake ya huduma, na sasa makao aliyoyapenda yanasema chumba ni dola 500,000.

Hiyo si bei ya kununua chumba. Ni amana, inaitwa RAD, na hurudishwa akihama au hupewa mirathi yake akifariki. Asipoweka amana, atalipa kwa siku: amana inazidishwa kwa riba ambayo serikali huitangaza kila baada ya miezi mitatu, kisha inagawanywa kwa siku 365. Tuseme riba ni asilimia 8. Hiyo ni dola 40,000 kwa mwaka, karibu dola 110 kila siku. Anaweza pia kuweka sehemu ya amana na kulipia iliyobaki kwa siku. Juu ya hayo kuna ada ya msingi ya kila siku, sawa na asilimia 85 ya pensheni ya msingi ya mtu asiye na mwenzi, na michango mingine inayotegemea mali na kipato chake.

Sasa nyumba. Upande wa pensheni, nyumba aliyoihama haihesabiwi kuwa mali kwa miaka 2. Upande wa ada za makao inahesabiwa, ila kwa kiwango chenye ukomo, hata kama sokoni ina thamani kubwa zaidi. Na kama mwenzi wake angekuwa bado anaishi humo, isingehesabiwa kabisa. Akiiuza na kuziacha fedha benki, zinahesabiwa pande zote mbili. Akiziweka kwenye RAD, upande wa pensheni hazihesabiwi, upande wa ada zinahesabiwa. Akiipangisha, kodi ya wapangaji ni kipato.

Halafu sheria yenyewe imebadilika. Sheria mpya ya huduma za wazee ilianza kutumika 1 Novemba 2025, matunda ya tume ya kifalme, yaani tume kuu ya uchunguzi, kuhusu huduma hizo, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Machi 2021. Kwa anayeingia tangu siku hiyo, makao hubaki na asilimia 2 ya RAD kila mwaka hadi miaka 5. Kwa mama yetu ni takriban dola 10,000 mwaka wa kwanza. Miaka mingi familia zimeambiana kwamba amana hurudi yote, na hilo lilikuwa kweli. Kwa wanaoingia sasa si kweli tena. Waliokuwa tayari ndani kabla ya tarehe hiyo wanaendelea na kanuni zao za zamani, kwa hiyo anayefanya kazi hii leo lazima azijue kanuni za aina mbili kwa wakati mmoja, na wakati mwingine mume yuko chini ya hizi na mke chini ya zile.

Baada ya kuingia, mzee ana siku 28 za kuamua atalipaje chumba. Siku hizo ndizo zinazoleta simu za usiku.

Kila mmoja anaruhusiwa kusema nini

Afisa wa Services Australia ataieleza hesabu hiyo yote, vizuri na bila malipo. Ataonyesha pensheni itapanda au itashuka kiasi gani nyumba ikiuzwa, na jinsi fedha zinavyohesabiwa zikihama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Huendesha pia semina. Lakini akiulizwa, "Sasa tufanye lipi?", kazi yake inaishia hapo. Yeye hutoa habari, hatoi ushauri. Kwa mtu mwenye hulka ya kufundisha, mpaka huu ni kinga nzuri: hubebi lawama ya uamuzi. Kwa mtu ambaye moyo wake hautulii mpaka familia imeondoka na jibu, utamchosha ndani ya mwaka mmoja.

Mtafuta makao yuko mahali penye utata zaidi. Kumtafutia mzee chumba, kupatana bei ya RAD na mwenye makao, kujaza fomu ya mali na kipato ya Services Australia (waliomo kwenye kazi huiita kwa namba yake tu, SA457), hakuhitaji leseni ya fedha. Hata kueleza ada kunaruhusiwa. Nyumba ya kuishi kisheria si bidhaa ya fedha, ndiyo maana wapo wanaowashauri watu juu ya kuuza nyumba bila leseni yoyote. Tatizo ni kwamba swali la nyumba halikai peke yake. Dakika chache baadaye mtoto anauliza: na ile superannuation ya mama (akiba ya kustaafu iliyowekwa kutoka kazini) tuitoe? Hisa alizoacha baba je? Fedha zitakazobaki baada ya RAD zikae wapi? Hapo umeshaingia kwenye bidhaa za fedha, na kumwambia mtu afanye nini nazo bila leseni ni kuvunja sheria. Anayechagua njia hii lazima ajizoeze kusimama hapo na kusema, "Hili mpelekeeni mshauri." Si rahisi, maana familia inakuamini na wewe jibu unalihisi.

Mshauri mwenye leseni peke yake ndiye anayeweza kuyabeba yote kwa pamoja: uza au usiuze, weka RAD kiasi gani, zinazobaki ziwekwe hivi, pensheni itakuwa kadhaa, na fedha zitatosha mpaka mama afike umri fulani. Anayaandika, anayatia sahihi, na akikosea anawajibika. Hata jina la kazi limelindwa: tangu Januari 2019 asiyeidhinishwa haruhusiwi kujiita mshauri wa fedha, kwa Kiingereza "financial adviser" au "financial planner". Jina la kila aliyeidhinishwa limo kwenye daftari la wazi la ASIC, msimamizi wa masoko ya fedha, ambalo mtu yeyote anaweza kulipekua mtandaoni.

Kwangu mimi tofauti hii ndiyo nzito kuliko nyingine zote. Familia iliyo kwenye siku zile 28 haikosi habari. Habari imeijaa mpaka shingoni. Inachokosa ni mtu mwenye haki ya kusema "fanyeni hivi" na atakayesimama nyuma ya neno lake.

Safari ya kufika

Haki hiyo ina gharama, na hapa ndipo watu wengi huishia.

Kuwa mshauri unahitaji shahada iliyo kwenye orodha iliyoidhinishwa na serikali. Aliyesoma Nairobi, Dar es Salaam au Kampala asidhani shahada yake ya biashara imekufa: wenye shahada za nje wanaweza kuomba zitathminiwe, na mara nyingine huambiwa waongeze masomo badala ya kuanza upya. Omba tathmini hiyo kabla hujalipa ada ya chuo chochote. Baada ya shahada kuna mtihani wa taifa wa ASIC, unaopima sheria, ushauri wenyewe na maadili. Kisha mwaka wa mafunzo kazini, saa 1,600: saa 1,500 za kazi na 100 za masomo, chini ya mshauri mzoefu.

Mwaka huo una robo 4. Katika robo mbili za kwanza unakaa pembeni, unaandaa, unasikiliza. Mtihani lazima uwe umeufaulu kabla ya kuanza robo ya tatu; ndipo unaruhusiwa kushauri chini ya usimamizi. Mwenye viza ya mwanafunzi anayeruhusiwa saa 48 za kazi kwa wiki mbili apige hesabu mapema: saa 1,500 kwa kasi hiyo ni zaidi ya wiki 62, akipata mwajiri wa kumpokea. Na huyo mwajiri ndiye mlango mgumu kuliko mtihani, kwa sababu kumsimamia mwanafunzi humgharimu muda ambao angeutumia kwa wateja. Ukishaidhinishwa, kila mwaka unatakiwa kujiendeleza kwa saa 40.

Ugumu huu una historia. Tume nyingine ya kifalme, ile ya Kenneth Hayne kuhusu benki na sekta ya fedha, iliyotoa ripoti yake ya mwisho Februari 2019, ilifichua benki na kampuni zilizokuwa zikikata watu ada za ushauri bila kuwashauri, hata wateja waliokwisha kufariki. Benki kubwa zikajitoa karibu zote kwenye ushauri. Washauri walikuwa takriban 28,000 mwishoni mwa 2018. Leo hawafiki 16,000. Wakati huohuo kizazi kilichozaliwa baada ya vita kinaingia miaka ya themanini. Anayeingia sasa anaingia penye uhaba, na uhaba huo hautaisha haraka maana njia ya kuingia ni ndefu kwa kila mtu.

Njia mbili nyingine ni fupi. Utumishi wa umma wa serikali kuu kwa kawaida hudai uraia wa Australia. Kwa mwenye ukaazi wa kudumu hilo ni suala la muda. Kwa mwanafunzi, njia hii bado imefungwa. Ndani yake watu wengi hupanda kutoka kazi za kawaida za Centrelink, na mafunzo hutolewa na mwajiri. Mtafuta makao hahitaji shahada. Aliyefanya kazi ndani ya makao kwa miaka kadhaa anajua tayari mambo ambayo mshauri wa ofisini hayajui: makao gani yana wauguzi usiku, wapi chakula kinaachwa mbali na mkono wa mgonjwa, meneja gani anapokea simu. Maarifa hayo familia huyalipia, na ni haki yako kuyauza.

Nani anakulipa

Afisa analipwa mshahara na serikali. Hana cha kuuza, na familia zinajua. Amani ya namna hiyo hutaipata kwingine.

Mshauri wa leo analipwa na familia, kwa kawaida ada moja iliyotajwa mapema, na kwa kazi ya makao ya wazee ada hiyo hufika maelfu ya dola. Kamisheni kwa bidhaa za uwekezaji zilipigwa marufuku kuanzia Julai 2013, na zile za mikataba ya zamani zilikoma Januari 2021. Hili limesafisha kazi, lakini limeacha jeraha: familia yenye nyumba ya dola 900,000 italipa bila shida, familia iliyopanga nyumba na yenye akiba ya dola 15,000 haitaweza, na ushauri inauhitaji vilevile. Ukiwa mshauri utakutana na swali hili kila wiki. Wapo wanaotenga siku ya kuhudumia watu bure. Wengine huwaelekeza kwa yule afisa.

Mtafuta makao hulipwa na familia pia, lakini hapa nakuomba uwe mkali. Kabla ya kukubali kazi kwenye kampuni yoyote uliza kama inapokea chochote kutoka kwa makao yenyewe. Ikiwa inapokea, kila chumba utakachokipendekeza kina mkono wa mtu mwingine ndani yake. Kuna pia sura ya bure ya kazi hii: tangu 2023 serikali inagharamia wasaidizi wanaowatafutia huduma wazee wasio na ndugu, wenye matatizo ya lugha au wasio na makazi, na hao huajiriwa na mashirika ya kijamii. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda ningeanza kutafuta huko kabla ya kampuni binafsi.

Nilisahau kwa makusudi kumtaja mshauri wa madeni hadi sasa, kwa sababu wengi humchanganya na mshauri wa fedha. Yeye ana diploma yake maalumu, anafanya kazi kwenye mashirika yasiyotafuta faida, hawezi kutoza ada, na kwa sababu hiyo hahitaji leseni ileile. Ni kazi yenye heshima kubwa. Lakini watu wake ni walioelemewa na mikopo na bili, na swali la RAD humfikia kwa nadra.

Kiswahili kina thamani wapi hasa

Wengine husema lugha itakuletea wateja. Kwa sasa si sana. Wazee wa jamii zetu Australia bado ni wachache ukilinganisha na Wagiriki na Waitaliano waliofika baada ya vita. Wateja wako wengi watakuwa watu wa huko huko. Thamani iko kwenye mambo ambayo mshauri mwingine hatauliza.

Centrelink huhesabu mali zilizoko nje ya nchi. Shamba Kisii, nyumba ya kupangisha Morogoro, kiwanja Goma chenye hati ya jina la mzee: vyote ni mali. Kinga ya nyumba ya kuishi ni ya ile anayoishi tu, haifuati nyumba ya kijijini. Mzee wa kwetu hatavitaja, na si kwa kuficha. Anaona kiwanja ni cha ukoo, au kinakaliwa na mdogo wake, kwa hiyo si chake kwa maana anayoijua yeye. Kinahitaji mtu wa kuuliza kwa upole, "Mzee, hati iko kwa jina la nani?"

Hivyo hivyo michango. Mpokea pensheni anaweza kutoa zawadi hadi dola 10,000 kwa mwaka wa fedha, na si zaidi ya 30,000 ndani ya miaka 5. Kinachozidi kinaendelea kuhesabiwa kana kwamba bado anacho, kwa miaka 5. Ada za wajukuu, harambee ya matibabu, bati za nyumba ya dada: vikijumlishwa vinavuka mpaka kirahisi. Na mtu aliyeingia kama mkimbizi hadaiwi ile miaka 10 ya ukaazi ambayo wengine hudaiwa kabla ya kupata pensheni ya uzee wakifika 67. Kuna wazee ambao hawajaomba kwa sababu waliambiwa vibaya na jirani.

Mambo haya afisa anaweza kuyaeleza na mtafuta makao anaweza kuyagundua. Mshauri anaweza kuyapangia miaka kumi mbele, kabla mzee hajaanguka.

Ningemwambia nani achague lipi

Kama una shahada, hata ya nje, umri wako unakupa miaka 15 au zaidi ya kazi, na nyumbani kuna kipato cha pili, nenda kwenye leseni. Usiingie kwa kuomba kazi ya ushauri moja kwa moja. Ingia ofisi ya ushauri kama karani wa wateja au mwandishi wa mipango, yule anayeandaa hati za ushauri kwa niaba ya mshauri. Haihitaji leseni, inalipa, na ndiyo inayokuonyesha kama mwenye ofisi ni mtu wa kukusimamia mwaka mzima au wa kukukimbia. Tafuta ofisi ndogo inayofanya kazi za makao ya wazee kila wiki. Ofisi ambazo wateja wao ni matajiri wa miaka 45 zitakufundisha hisa na kukuacha mtupu kwenye RAD.

Kama wewe ni raia, una watoto wadogo, na unataka saa zinazojulikana, kazi ya serikali ni nzuri kuliko watu wanavyoidharau. Hutapata utajiri. Utapata likizo, pensheni yako mwenyewe, na ujuzi wa kanuni ambao ofisi za washauri huutafuta sana baadaye ukitaka kuhama.

Kama umechoka mwili kwa miaka ya kugeuza wagonjwa, huna shahada na hutaki kurudi darasani, kutafuta makao kunakupa heshima ya kile unachokijua tayari. Andika kwenye mkataba wako na kila familia, kwa lugha nyepesi, kwamba hutoi ushauri wa superannuation, hisa wala uwekezaji. Jenga urafiki na washauri wawili wenye leseni na mwanasheria mmoja anayeandika mamlaka ya kumwakilisha mzee, maana mama akipoteza uwezo wa kuamua kabla hati hiyo haijasainiwa, hakuna kati ya kazi hizi tatu inayoweza kuisaidia familia bila kupitia kwenye baraza la ulezi, linaloteua mtu wa kumwamulia.

Aliye bado mwanafunzi asichague leo. Aendelee na zamu zake kwenye makao, aombe tathmini ya shahada yake, na siku moja ambayo hana zamu akahudhurie semina ya bure ya Services Australia. Akae nyuma, asikilize maswali ya familia, na aone kama anatamani kueleza kanuni au kutoa jibu.